Moyo wa uzi na mkono unaokufa ganzi usiku

Hebu nyosha mikono yako yote miwili mbele yako, viganja vikiwa juu, utazame pale chini ya kidole gumba. Kuna kinofu kilichotuna mithili ya kitumbua. Linganisha cha kulia na cha kushoto. Ikiwa vimejaa sawasawa, basi soma makala haya kwa raha zako ukinywa chai. Ikiwa kimoja kimebonyea kama mto uliotolewa pamba, yasome polepole, kisha usiache juma hili lipite kabla hujamwona daktari.

Mimi nilichelewa kukitazama kinofu hicho katika mkono wa mama mmoja wa Kipevu. Alikuja kwangu mara mbili kulalamikia mkono, nami mara mbili nikamrudisha nyumbani na vidonge. Mara ya tatu ndipo nilipogutuka, na hata hapo si kwa ujuzi wa udaktari bali kwa sababu ya pambo dogo la uzi lililoning'inia ukutani mwangu. Amenipa ruhusa nisimulie kisa chake mradi nisimtaje jina, na mambo mawili matatu nimeyageuza ili majirani wasimtambue.

Wengi wenu mnaijua Kipevu kwa mitambo yake ya umeme, kwa gati la mafuta, na kwa kituo cha pili cha makasha kilichoanza kazi mwaka 2016. Ukivuka daraja la Makupa kutoka kisiwani kuelekea Changamwe, upande ule wa bandari ulio mkono wako wa kushoto ndio kwao. Ni mahali pa malori na honi na harufu ya mafuta mazito. Lakini nyuma ya kelele hizo zimo nyumba za watu, na jioni jua likipunguza ukali utawakuta kina mama wamekaa barazani na mfuko wa uzi miguuni, kila mmoja na sindano yake ya kroshia, mazungumzo yakienda na vidole vikienda.

Kufuma kwa kroshia si jambo geni kwetu. Sisi tuliokulia miaka ya 1980 tunakumbuka kwamba kochi lisilo na kitambaa lilihesabika kuwa liko uchi. Redio ilifunikwa, televisheni ilifunikwa, hata jagi la maji lilikuwa na kofia yake yenye shanga pembeni. Mtindo huo ulififia watu walipoanza kununua makochi ya ngozi, na sasa umerudi kwa mlango mwingine. Wasichana wanavaa blauzi za kroshia, na madereva wa tuktuk wananing'iniza vikorokoro vya uzi mbele ya kioo. Mama yule hutengeneza mioyo. Ni moyo wa uzi mwekundu, mkubwa kama kiganja cha mtoto, uliozungushiwa marinda meupe. Humwuzia mtu shilingi 100 mmoja, na kwa mioyo hiyo pamoja na vitambaa vya meza amemlipia binti yake karo ya chuo tangu mumewe, aliyekuwa kibarua bandarini, alipofariki.

Wa kwanza alinizawadia mwaka juzi, baada ya mjukuu wake kupona nimonia. Niliutundika kwenye msumari wa kalenda.

Vidonge mara mbili

Alipokuja kwa ajili yake mwenyewe alisema, "Daktari, mkono huu unaniuma." Nilimwamkia, nikaushika, nikaupinda huku na huku. Haukuwa umevimba, haukuwa na joto. Ana miaka 52. Nikamwandikia dawa ya maumivu na vitamini za mishipa, nikamwambia apumzike. Miezi miwili baadaye akarudi na maneno yale yale, nami nikambadilishia vidonge. Siku hiyo kulikuwa na foleni hadi nje ya mlango. Nalitaja hili la foleni kwa sababu ndivyo makosa mengi yanavyotokea, ila haliniondolei lawama. Sikumwuliza swali moja jepesi ambalo lingefichua kila kitu: usiku unalalaje?

Mara ya tatu hakuja kutibiwa. Alikuwa amempeleka mjukuu kuchanjwa, akapita kuniletea moyo mwingine kwa kuwa ule wa zamani ulikuwa umeingia vumbi. Nikaupokea, nikautundika kando ya ule wa kwanza. Hapo nikaona. Wa zamani marinda yake yalisimama kama jogoo aliyetanua mbawa, kila vitanzi vikifanana. Huu mpya ulikuwa na upande mmoja uliolegea, mahali pengine uzi umevutwa sana, mahali pengine umeachwa ukining'inia, na marinda yamelala. Nikadhani ameufuma mjukuu. Nikamwuliza.

"Ni mimi, daktari," akasema. "Siku hizi sindano inaniponyoka. Sijui kama ninaishika au siishiki, mpaka niitazame."

Msomaji, mtu asiyejua kama ameshika kitu mpaka akitazame, huyo hana tatizo la maumivu tu. Nikamwomba akae. Nikamgeuza viganja juu, na hapo ndipo nilipokiona kinofu cha kulia kimebonyea.

Nilijaribu mwenyewe

Kabla sijaeleza ugonjwa wenyewe, ni vizuri tuelewe kazi ya mkono katika kufuma moyo kama huu, maana sisi madaktari tuna tabia ya kuwaambia watu "punguza kazi" bila kujua kazi yenyewe ikoje. Nilimwomba anifundishe. Wauguzi walinicheka wiki nzima kwa kumwona mwanamume mwenye mvi za ndevu akihangaika na uzi mwekundu saa ya chakula cha mchana.

Unaanza na kitanzi kikubwa ambacho baadaye utakivuta kifungike. Ndani ya kitanzi hicho unasimamisha kile ambacho mama yule hukiita nguzo. Unapanda kwa vitanzi 3, unatia nguzo 3 ndefu, kisha 3 fupi kidogo, kitanzi 1, halafu nguzo 1 ndefu peke yake, ambayo ndiyo ncha ya chini ya moyo. Kisha unarudia kinyume: kitanzi 1, nguzo 3 fupi, 3 ndefu, na vitanzi 3 vya kushukia. Ukivuta ule uzi wa mwanzo, umbo linajikusanya lenyewe na moyo unatokea mbele ya macho yako. Nakiri kwamba nilifurahi kama mtoto. Baada ya hapo unauzungushia safu moja ya kushona kufupi ili ukingo ukae sawa, na kwa hesabu yangu safu hiyo ilinipa nafasi 30.

Marinda sasa. Mimi nilidhani hukunjwa kwa mkono kama rinda la gauni. La hasha. Katika kila nafasi moja unatia nguzo 4. Ukingo unakuwa mrefu mara nne kuliko moyo unaouzunguka, hauna pa kwenda ila kujikunja juu na chini. Mwaka 1997 mtaalamu wa hisabati Daina Taimina wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani alitumia kroshia kwa njia hiyo hiyo, akiongeza vitanzi kila safu, kuwaonyesha wanafunzi wake aina ya umbo ambalo vitabu vilishindwa kulionyesha vizuri kwenye karatasi. Matumbawe ya baharini nayo yana marinda ya namna hiyo. Kina mama wa Kipevu wanaijua hesabu hii bila ubao.

Lakini hesabu iliyonishughulisha mimi ni nyingine. Nafasi 30 mara nguzo 4 ni nguzo 120. Kila nguzo inataka sindano iudake uzi mara 4, na kila kuudaka ni kuzungusha kifundo cha mkono kidogo huku kidole gumba na cha shahada vimebana sindano nyembamba. Hiyo ni mizunguko 480 kwa marinda ya moyo mmoja tu. Mama yule alikuwa amepokea oda ya mioyo 60 kwa ajili ya harusi. Marinda peke yake ni mizunguko 28,800, na alitaka kuimaliza katika muda wa wiki tatu, mkono ukiwa umekunjwa kwa ndani kama wafanyavyo wafumaji wengi wanapokaza uzi.

Handaki jembamba

Katika kifundo cha mkono, pale unapovaa saa, kuna handaki. Sakafu na kuta zake ni mifupa midogo. Paa lake ni ukanda mgumu usiovutika. Ndani ya handaki hilo hupita kano 9 zinazokunja vidole, na katikati ya kano hizo umebanwa mshipa mmoja wa fahamu. Mshipa huo ndio unaoleta hisia katika kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Vilevile ndio unaoamuru kinofu kile cha chini ya kidole gumba kifanye kazi.

Handaki halipanuki. Kano zikivimba kidogo au mwili ukijaa maji, kinachobanwa ni mshipa, kwa kuwa ndio laini kuliko vyote. Ni kama abiria wa dirishani katika matatu iliyojaza kupita kiasi. Daktari Mwingereza James Paget aliandika juu ya mshipa huu kubanwa tangu mwaka 1854, kwa hiyo si ugonjwa wa kompyuta wala wa simu kama vijana wanavyodhani.

Mshipa ukibanwa huanza kwa kulalamika. Vidole vinachonyota kama vimetembelewa na sisimizi, vinakufa ganzi, vinawaka moto. Na kilio chake kikubwa ni usiku, kwa sababu tukilala tunakunja mikono bila kujua na handaki linazidi kubana. Mgonjwa anaamka saa nane za usiku, anaukung'uta mkono kama mtu anayekung'uta maji, au anauning'iniza kando ya kitanda mpaka hisia irudi. Nilipomwuliza mama yule hatimaye, alicheka kidogo kwa mshangao. Alikuwa akifanya hivyo kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Hakunieleza kwa sababu hakuona kama usiku unahusiana na mkono kuuma mchana, na dada yake alikuwa amemwambia ni damu kulala. Jirani mmoja alimwambia ni kijicho cha watu juu ya biashara yake. Mimi niliyesomea kazi hii nilimpa vitamini, basi sina haki ya kumcheka jirani.

Kubanwa kukiendelea, mshipa unaacha kulia na kuanza kufa. Hapa watu wengi hudanganyika. Maumivu yanapungua, mgonjwa anashukuru kwamba anapona, kumbe ndio mwanzo wa hasara. Vikombe vinaponyoka, vifungo vya blauzi vinashinda, sindano haisikiki vidoleni, na kinofu kinasinyaa. Kinofu kikishasinyaa huwezi kuahidiwa kwamba kitarudi.

Je, kroshia ndiyo iliyomponza? Hapa nataka tuwe waadilifu. Haijathibitika kwamba kufuma peke yake huleta ugonjwa huu. Kazi ambazo ushahidi wake una nguvu ni zile za kushika kwa nguvu nyingi mara kwa mara, na za mashine zinazotikisa mkono, kama vile kuchimba lami na kukwangua kutu kwa mitambo, kazi ambazo wanaume wengi wa upande huu wa bandari wanazifahamu. Kufuma huweza kuuamsha ugonjwa uliokwisha kujiandaa kwa sababu nyingine. Sababu hizo ndizo zinazotakiwa kutafutwa: kisukari, tezi ya shingo inayofanya kazi kwa ulegevu, baridi yabisi ya viungo, unene, na ujauzito. Wanawake hupata zaidi kuliko wanaume. Mama mjamzito akipata ganzi ya vidole katika miezi ya mwisho asiogope sana, maana wengi hupona wenyewe baada ya kujifungua, ila amweleze mkunga.

Mama wa Kipevu hakuwa na mimba. Nilimpima sukari asubuhi kabla hajala, ikatoka 9.4. Nikarudia siku nyingine, ikawa 9.1. Kipimo hicho kikifika 7.0 mara mbili, huo ni ugonjwa wa kisukari. Hakujua. Alikuwa akisikia kiu na kwenda haja usiku, akadhani ni joto la Mombasa. Angekuja kufanya nini hospitali kwa ajili ya kiu?

Jipime ukiwa nyumbani

Hebu sasa ujipime mwenyewe. Weka viwiko vyako juu ya meza, acha viganja vianguke mbele kwa uzito wake hadi vifundo vikunjike kabisa, halafu tulia hivyo kwa sekunde 60. Kipimo hiki kinaitwa kwa jina la daktari mpasuaji Mmarekani, George Phalen. Ikiwa kidole gumba, cha shahada au cha kati kinaanza kufa ganzi kabla dakika haijaisha, kuna uwezekano handaki lako limebana. Si hukumu, ni dokezo.

Angalia pia ni vidole vipi. Kidole kidogo cha mwisho hakimo katika mshipa huu. Ganzi ikiwa ya kidole kidogo na cha pete tu, mshipa unaobanwa ni mwingine, aghalabu kwenye kiwiko. Ikianzia miguuni, tena miguu yote miwili, fikiria kisukari chenyewe, pombe, au dawa fulani kama zile za kifua kikuu. Ikiambatana na doa la ngozi lisilo na hisia, sema na daktari mapema, kwa kuwa ukoma unatibika kabisa ukishikwa mwanzoni. Na ikiwa mkono umelegea ghafla, mdomo umekwenda upande au maneno hayatoki, huo si ugonjwa wa kifundo. Hicho ni kiharusi, na mtu akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo, si kesho asubuhi.

Kuna jambo jingine linalowasumbua wafumaji ambalo nitalipitia haraka. Ukishapita miaka 40 jicho hupoteza uwezo wa kutazama karibu. Mfumaji anauona uzi mweusi kama ukungu, anasogeza kazi mbali, au anainama chini ya taa hadi shingo inakakamaa, na mkono unabana sindano zaidi kwa kubahatisha. Dawa yake ni miwani ya kusomea, wala si ya ghali. Utafiti wa Bangladesh uliochapishwa mwaka 2024 uliwafuata watu wa miaka 35 hadi 65 wanaofanya kazi za kutazama karibu, na baada ya miezi 8 kipato cha waliopewa miwani kilikuwa kimewapita wenzao kwa takriban theluthi moja. Nenda ukapimwe macho kwanza, hasa ukiwa na kisukari, kabla ya kununua miwani ya barabarani.

Banzi, sindano au kisu

Ugonjwa ukikamatwa mapema, tiba yake ya kwanza haina hata kidonge. Ni banzi la kufunga kifundo usiku ili mkono ulale umenyooka. Lipo la kununua katika maduka ya dawa, na anayeshindwa anaweza kuomba watengenezewe hospitalini kwenye kitengo cha mazoezi ya viungo. Livae kila usiku kwa muda wa wiki 6. Usilikaze mpaka vidole vibadilike rangi, na usilivae mchana kutwa hadi mkono ukadhoofu.

Tiba ya pili ni sindano ya dawa ya steroidi karibu na handaki. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018, wagonjwa waliopigwa sindano moja walikuwa na nafuu zaidi baada ya wiki 6 kuliko waliovaa banzi, lakini ilipofika miezi 6 tofauti hiyo haikuonekana tena. Mwenye kisukari aambiwe mapema kwamba sindano hiyo hupandisha sukari kwa siku kadhaa.

Vidonge vya maumivu, vile mnavyonunua kwa jina dukani, havifungui handaki. Vikitumiwa miezi mingi huumiza tumbo na figo na kupandisha shinikizo la damu. Vitamini za mishipa zina faida kwa aliyepungukiwa nazo tu. Kuchua kwa mafuta kunaburudisha, sikatazi, mradi mtu asijibonyeze kifundo kwa nguvu wala asichanjwe chale mahali hapo, kwa kuwa mshipa uko karibu sana na ngozi.

Kinofu kikisha anza kubonyea, au ganzi ikiwa haiondoki mchana na usiku, banzi limechelewa. Hapo unahitajika upasuaji. Neno hilo huwatisha wengi, lakini huu ni upasuaji mdogo. Mkono unatiwa ganzi ya mahali hapo tu, mgonjwa yuko macho, daktari anaukata ule ukanda wa paa ili handaki lipate nafasi, na aghalabu mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Usingizi hurudi upesi, pengine katika siku chache. Nguvu huchukua miezi, na hisia inategemea mshipa ulikuwa umeumia kiasi gani. Kabla ya siku yenyewe uliza hospitali ikueleze gharama, na kiasi gani kitalipwa na bima yako ya SHA.

Uzi hatukuutupa

Swali la kwanza la mama yule baada ya maelezo yote haya halikuhusu kisu. Aliuliza, "Na ile mioyo ya harusi?" Alikuwa amefuma 22. Nilikuwa tayari kumwambia aache kabisa, kisha nikakumbuka karo. Pia nakumbuka jinsi mwenyewe nilivyotulia saa ile ya chakula nikihesabu nguzo, simu ikiwa mfukoni. Sitaki kumnyang'anya mtu utulivu kama huo bila sababu.

Tukapatana hivi. Mioyo 38 iliyobaki alifuma binti yake na majirani wawili, yeye akiwa msimamizi, akifumua pale walipokosea. Hadi kufikia upasuaji hakushika sindano. Baada ya kupona amerudi kwa masharti ambayo hata wewe mwenye mkono mzima unaweza kuyafuata. Ile sindano nyembamba ya chuma ameivalisha mpini mnene kwa kuizungushia kitambaa na utepe wa mpira, ili vidole visibane sana. Anatumia uzi mnene kidogo. Ameweka mto mapajani ili kifundo kikae kimenyooka. Anafuma kwa dakika 20, kisha anaiweka kazi chini na kufungua na kufumba viganja, akitumia saa ya simu kwa kuwa anasema mazungumzo ya barazani hayana saa. Marinda ameyapunguza kutoka nguzo 4 hadi 3 kwa kila nafasi. Yanasimama vilevile, na hakuna mteja aliyelalamika. Kwa hesabu hiyo amepunguza mizunguko 120 katika kila moyo.

Sukari yake imeshuka kwa dawa, kwa kutembea asubuhi kabla malori hayajawa mengi, na kwa kuacha chai yenye vijiko vinne. Hilo la chai tulibishana zaidi kuliko la upasuaji.

Sasa ni miezi minane tangu afanyiwe upasuaji. Halali tena mkono ukining'inia kitandani. Vidole vitatu vimerudisha hisia, ila ncha ya kidole cha shahada anasema bado ni kama amevaa soksi. Kinofu cha kulia hakijajaa, na mimi sidhani kitajaa. Vifungo vidogo vya blauzi humfungia mjukuu wake, ambaye amejifunza kazi hiyo vizuri na hulipwa peremende moja.

Mioyo yote miwili bado iko kwenye msumari wa kalenda yangu, ule wa marinda yaliyosimama na ule wa marinda yaliyolala. Mgonjwa yeyote akiniambia mkono unamwuma, naitazama kwanza, halafu namwuliza usiku analalaje.